Pikipiki Iliyofaa Miguu Yangu

Mwezi uliopita nilirudisha helmeti, koti la mvua na boksi la glovu ndefu, nikatia sahihi kila mahali nilipoonyeshwa, na karani akaniambia sasa niko huru. Ninyi mliobaki mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya barabarani, hasa ninyi vijana mnaolalamika kwamba pikipiki mlizopewa zinaumiza viuno. Ya vyeo na mishahara nitayaruka. Ya vyeo ni mafupi hata hivyo, na mojawapo ya sababu zake imo humu humu.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mtungi. Mtu wa milimani mwenye ng'ombe mmoja na kishamba cha matuta hana mahali pa kufuga fahali, kwa hiyo sisi watu wanne wa kituo cha Voi ndio tulikuwa fahali wa Taita nzima. Watoto wa Mwatate waliniita Bwana Fahali. Mke wangu alilizoea jina hilo mapema kuliko mimi.

Nilianza miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mchanga. Wakati huo mbegu zilikuja kwa treni kutoka Nairobi, ndani ya sanduku la barafu, na hazikudumu zaidi ya siku chache. Siku yangu ya kwanza niliripoti stesheni ya Voi saa moja asubuhi, suruali imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe, nikamkuta mtu mfupi, mpana wa kifua, viatu vinang'aa, amekaa juu ya sanduku hilo kama ameachiwa na babu yake. Huyo ndiye Mzee Mwakisha, aliyenifundisha kazi. Kwa umri hakuwa mzee, alikuwa na miaka thelathini na kitu, lakini alikuwa mzee wa kanisa na hata wakubwa wake walimwita hivyo. Alinitazama kuanzia viatu hadi utosini, na kwangu mimi hiyo ni safari ndefu.

"Wewe ni mrefu sana kwa hii kazi," akasema. "Ng'ombe wako huku chini. Haya, panda nyuma."

Tulifunga sanduku kwenye keria kwa kamba ya katani, nikapanda nyuma ya pikipiki yake ya zamani, nzito, ya chini, iliyoachwa na Mwingereza mmoja aliyerudi kwao. Springi zake zilikuwa zimechoka hadi zikawa laini kama kitanda cha wageni. Tulipofika Mwatate nikavaa glovu ya kufika begani, nikamsogelea ng'ombe wangu wa kwanza kwa nyuma bila hata kumgusa mgongo, naye akanipiga teke la paja lililonilaza kwenye samadi na ile suruali yangu ya pasi. Mwenye ng'ombe alikimbia kuniinua. Mwakisha hakusogea.

"Mwambie jina lako kwanza," akasema. "Hata ungekuwa wewe, ungekubali?"

Hakuwa anatania. Tangu siku hiyo kila ng'ombe nimemwambia jina langu, nimemkuna mgongo, nimempa nafasi ya kuninusa, na nimepigwa mateke mara chache sana kuliko wenzangu walioona huo ni ujinga. Mwakisha alinifundisha pia kukata kucha kila Jumapili jioni, kunawa kwa maji ya vuguvugu, na kutomjibu mkulima anayeuliza kama ndama atakuwa jike. Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Muulize mama yake."

Halafu alinifundisha barabara. Wale mnaokaa Voi tu hamuijui kazi hii. Asubuhi unaondoka kwenye joto na vumbi jekundu, unapita mashamba ya katani, pengine ndovu amesimama barabarani na unazima injini mpaka amalize shughuli zake. Mwatate unaanza kupanda. Ukifika Wundanyi umeshavaa koti, na ukielekea Mwanda unaingia kwenye ukungu ambao mwezi wa saba hauondoki mpaka saa sita mchana. Mvua ikinyesha, udongo wa kule unateleza kama sabuni. Siku moja hiyo hiyo pikipiki inakula vumbi, inakunywa matope na inapanda ukuta, na kesho inaanza tena, mwaka mzima, kwa sababu ng'ombe hangojei kiangazi. Akionekana kwenye joto asubuhi, yaani anamtaka fahali, unampandisha alasiri. Ukichelewa, mwenyewe anangoja wiki tatu nyingine.

"Ukiona udongo unang'aa," Mwakisha aliniambia kwenye mteremko wa Mwanda, "shusha nyayo zote mbili, tembea nayo. Hakuna mtu anakupa zawadi ya kukaa juu."

Miaka ikaenda. Barafu ikaondoka, ikaja mitungi ya naitrojeni, ile hewa iliyopozwa hadi ikawa maji baridi kupita kiasi, na ndani yake mbegu ziliweza kukaa kwenye mirija yao myembamba miezi na miezi. Sharti ni moja, naitrojeni isipungue. Ikipungua, mbegu zinakufa, na huwezi kujua kwa macho. Unapandisha ng'ombe kwa heshima zote, unajaza kadi, unakunywa chai ya mwenye ng'ombe, na wiki tatu baadaye anakuletea habari kwamba ng'ombe amerudia, yaani hakushika mimba, ameingia tena kwenye joto.

Mwishoni mwa miaka ya sabini pikipiki zetu za zamani zilianza kutufia njiani, moja baada ya nyingine. Mkuu wetu, mtu wa bara, mpole, asiyejua kuendesha hata baiskeli, aliniita ofisini. Idara ingenunua nne mpya za aina moja. Wauzaji walikuwa tayari kutuazima aina tatu za kujaribu. Mimi nizipande miezi mitatu, mwezi kwa kila moja, kisha niandike ukurasa mmoja kusema ipi ni ya starehe, ipi ni ya kudumu, ipi itafaa mwaka mzima. Nilitoka pale nikiwa nimeongezeka urefu, na sikuwa nauhitaji.

Tulizipa majina siku ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya chini, imefunikwa cheni na miguu inakingwa matope kwa bati. Sauti yake ilikuwa ya kudonoa donoa, tukaiita Kuku. Ya pili ilitingisha mikono hadi ukishuka huwezi kushika kikombe, tukaiita Mashine ya Posho. Ya tatu ilikuwa ndefu, madigadi juu, ekzosi juu, tangi jekundu. Hiyo ilikuwa Twiga.

Nilifanya kazi ile kwa bidii, msinione hivi. Nilipima mafuta kwa chupa. Nilifungua chujio la hewa kila Ijumaa kuona vumbi limeingia hadi wapi. Nilihesabu pancha, nilinusa klachi, nilikaa saa sita mfululizo kwenye kila kiti na kuandika ni wapi panauma. Mkuu hakutaka nihatarishe mtungi wenye naitrojeni kwenye majaribio, basi nilifunga kwenye keria mfuko wa mchanga wa mto, uzito ule ule. Na kwa kuwa wauzaji walikuwa na haraka, majaribio yalianza Januari na kwisha Machi kabla masika haijafika. Wenye akili wameshaona makosa mawili hapo. Mimi nilikuwa naona tangi jekundu.

Sasa nakiri jambo ambalo kwa muda nilidhani halijulikani na mtu. Kuku ilikuwa nzuri. Ilipanda hadi Mwanda polepole lakini ilipanda, haikuingiza vumbi kwenye cheni, na kiti chake hakikuniuma popote. Tatizo lilikuwa soko la Mwatate. Nilipopita pale, magoti yangu yalikuwa karibu na masikio, na akina mama wa ndizi walicheka hadi mmoja akaomba ashikiliwe. Nilipita tena kesho yake, wakawa wameitana. Nikaandika kwenye ule ukurasa: "Injini haina nguvu ya kutosha milimani." Twiga nikaisifu nusu ukurasa. Kiti chake kilikuwa kizuri kweli, na miguu yangu ilifika chini bila shida. Miguu yangu.

Twiga nne zikaja mwisho wa mwaka, vuli ikiwa imekwisha. Siku ya kuzipokea uwanjani, Mzee Mwakisha alizunguka yake mara mbili, akashika usukani, akarusha mguu. Alipokaa, ncha za viatu vyake vinavyong'aa ndizo zilizogusa ardhi, na mguu mmoja ukiwa chini mwingine ulikuwa hewani. Niliona. Wote tuliona. Nilingoja aseme neno. Akasema tu, "Ni nyekundu sana," akapiga kiki, akaondoka.

Kiangazi alivumilia. Masika ilipoanza, alianguka mara ya kwanza kwenye teremko la Mwanda, mahali pale pale aliponifundisha kushusha nyayo zote mbili. Hakuwa na nyayo za kushusha. Mara ya pili pikipiki ilimlalia goti, akakaa nayo matopeni mpaka watu wakatoka mashambani kumwondoa. Alipopona, daktari akaandika kwamba asipande tena pikipiki ile, na mkuu akamhamishia stoo ya Voi, kazi yake kujaza mitungi yetu kila Jumatatu. Mtu aliyejua kila boma kutoka Mwatate hadi Mwanda, aliyewajua ng'ombe kwa majina na mama zao, akawa amekaa kwenye stuli chini ya bati la moto. Alikuwa amebakiza miaka sita kustaafu. Nilimwona siku moja anapangusa viatu ambavyo havikuwa na vumbi, na roho iliniuma vibaya. Nikachukua mtungi wangu, nikaondoka.

Sasa ng'ombe wangu wakaanza kurudia. Kwanza wachache, nikalaumu malisho. Halafu wengi. Mwanda kulikuwa na mjane mmoja, Mama Wakesho, kiongozi wa akina mama wa kanisa, mwenye ng'ombe mmoja wa rangi ya majivu. Ng'ombe huyo alikuwa amerudia mara tatu. Mara ya nne nilipokwenda, Mama Wakesho alinipa chai, akangoja nimalize, kisha akasema bila kunitazama:

"Daktari, hii ng'ombe haina ugonjwa. Ni wewe. Nani amekukasirikia?"

"Mama, wewe ni mtu wa kanisa."

"Kanisani naenda. Na bado nakuuliza, ni nani?"

Wageni wa huku wafahamishwe. Kwetu, mambo yakikwama bila sababu, watu huuliza ni nani ana kinyongo. Mtu wa karibu akikuwekea hasira moyoni, hata akinyamaza, hasira hiyo hufanya kazi yake. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira anapiga funda la maji ya miwa, anayapuliza kwa mdomo kama manyunyu, na huku anatamka kwamba hasira imetoka na anakutakia mema. Kanisani hatulizungumzi sana, lakini sijaona Mdawida, yaani Mtaita wa milimani, asiyelijua.

Nilishuka mlima nikiwa na jina moja kichwani. Na aibu yangu ni kwamba nilifikiria jambo baya zaidi ya hasira. Aliyekuwa anajaza mtungi wangu ni Mwakisha. Naitrojeni ikipungua, mbegu zinakufa. Nilikuwa nimeipima siku za Alhamisi kwa fimbo ya kupimia kina chake na kukuta imeshuka mno, nikajiambia labda mzee hajazi sawasawa. Labda kwa makusudi.

Nilimkuta stoo, amekaa. Nikabaki mlangoni.

"Mzee, nimekuja kuuliza. Una hasira na mimi?"

"Sina."

"Ng'ombe wangu wanarudia."

"Nimesikia." Akaniangalia kidogo, na nikaona ameelewa yote, pamoja na lile ambalo sikulisema. "Kwa hivyo umekuja kunipima kama naitrojeni. Sawa. Jumatatu njoo mapema. Nitajaza ukiona, halafu nitapanda nyuma yako mpaka Mwanda."

"Na goti lako?"

"Goti ni langu."

Jumatatu alijaza mtungi hadi shingoni mbele ya macho yangu, akatumbukiza fimbo, akanionyesha alama ya baridi, akaandika namba kwenye kiganja chake kwa kalamu. Tukaufunga kwenye keria ya Twiga, yeye akakaa kati yangu na mtungi. Mwatate tukasimama, akapima, akaandika. Wundanyi akapima tena. Ilikuwa imeshuka kwa safari ile moja kiasi ambacho kingetosha siku kadhaa.

"Nilikuwa naisikia," akasema. "Kila shimo, hicho kizibo kinaruka, na hewa inatoka fyuu mgongoni kwangu. Hii pikipiki yako kitako chako inakibembeleza. Huku nyuma inapiga teke kama yule ng'ombe wa Mwatate."

Nikasema majaribio yalikuwa sawa, keria ilibeba uzito ule ule bila shida.

"Ulibeba nini?"

"Mchanga."

Mwakisha alikigonga kizibo kwa ukucha. "Mchanga," akasema, "haufi."

Kisha akafungua kamba, akauchukua mtungi akaupakata. Kutoka Wundanyi hadi Mwanda, kwenye barabara mbaya kuliko zote, aliubeba mapajani, na kila tuliporuka nilimsikia akiguna kwa sababu ya goti. Kwa Mama Wakesho akapima kwa mara ya mwisho, akanyoosha kiganja. Naitrojeni ilikuwa karibu pale pale ilipokuwa Wundanyi. Niliketi kwenye jiwe la mama wa watu, nikamwambia Mwakisha yote: soko la Mwatate, akina mama wa ndizi, na sentensi ile ya uongo kuhusu Kuku.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Ile karatasi niliisoma siku uliyoandika," akasema. "Nilipanda Kuku mara moja ulipokwenda kula. Ilipanda vizuri. Pikipiki umepima zote tatu, kijana. Sisi wanne hukutupima."

Huko Voi, karibu na stesheni, kulikuwa na fundi aitwaye Salim, wa jamaa ya Kimombasa waliokaa mjini miaka mingi, mtu mwenye mikono ya taratibu na maneno mengi. Nilimpelekea Twiga yangu. Nilitaka akate springi za nyuma ziwe fupi, apunguze sponji ya kiti, ateremshe usukani, na atengeneze keria inayoning'inia kwenye mikanda ya mpira wa tairi la lori, ili mtungi ubembee badala ya kuruka. Salim aliikagua pande zote.

"Hili lafanyika, bwana wangu," akasema. "Lakini chombo hiki ni cha serikali. Mimi nikikata, nani ataulizwa?"

"Mimi."

"Niandikie basi. Kwa mkono wako."

Kabla ya kumwandikia nilikwenda kwa mkuu. Nilimpa barua inayosema kwamba nilidanganya juu ya Kuku na kwa nini. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kwa sababu ya akina mama wa ndizi?"

"Ndiyo, bwana mkubwa."

"Hili sijui nitaliweka faili gani." Kuhusu kukata, alikataa kabisa. Mali ya serikali haikatwi, akasema, Kuku ilisharudi kwa mwenyewe, na Mwakisha ana kazi stoo, kazi ya kivulini. Nikamwambia kivuli ndicho kinachomuua. Akasema mazungumzo yamekwisha.

Nikatoka, nikaenda kwa Salim, nikamwandikia ile karatasi na kutia sahihi. Nilikuwa na watoto wanne shuleni na nilijua naweza kufukuzwa. Siwaambii hivi mkakate pikipiki za watu. Nawaambia kwamba sikulala vizuri tangu masika, na baada ya sahihi ile nililala.

Salim alichukua siku tatu. Kiti alikishona upya kwa turubai la kijani, maana ndilo alilokuwa nalo. Nilipoipanda kuijaribu, magoti yalirudi kwenye masikio, na nikaipitisha soko la Mwatate saa nne asubuhi, sokoni pamejaa. Walicheka sana. Nikawapungia mkono.

Mkuu alipoiona uwanjani alizunguka mara mbili, akanikaripia mbele ya watu, na barua ya onyo ikaja kabla ya chakula cha mchana. Nayo imekaa kwenye faili langu mpaka juzi. Alipomaliza kuitia mhuri akauliza ni nani sasa atapanda kitu kilichokatwa hivyo.

"Mzee Mwakisha," nikasema.

Alitazama nje dirishani, kwenye mlango wa stoo. "Daktari alikataza pikipiki ile," akasema. "Hii sasa si ile." Akavuta fomu, akaandika jina la Mwakisha, na mimi akanipa ile aliyoiacha Mwakisha. Baadaye Salim alitufungia sote wanne keria za mpira, safari hii kwa ruhusa ya maandishi, na ng'ombe wakaacha kurudia kama walivyokuwa.

Mwakisha alikabidhiwa siku ya Jumanne. Alikuja amevaa koti lake la mvua la zamani, viatu vinang'aa. Hakuizunguka. Alirusha mguu, akakaa, na nyayo zote mbili zikatua kwenye ardhi ya Voi, kisigino na vidole. Akaegemea kushoto, akaegemea kulia. Akakaa hivyo muda mrefu, na sisi watatu tukajifanya tuna shughuli.

Kisha akaniita. Akatoa mfukoni mwa koti chupa ndogo ya maji ya miwa, yaliyokamuliwa asubuhi ile nyumbani kwake.

"Kule stoo nilikuambia sina hasira," akasema. "Nilisema uongo. Mimi mzee wa kanisa. Nilikuwa nayo tangu siku zile pikipiki zilipokuja, nikala nayo, nikalala nayo, na kila Jumatatu nilijaza mtungi wako mpaka shingoni ili mtu asiseme ni mimi."

Alipiga funda, akapuliza. Manyunyu yakanipata kifuani, kwa vile hakuweza kufika usoni, mengine yakaangukia tangi.

"Imetoka," akasema kwa Kidawida. "Nenda salama, rudi salama, ng'ombe wako washike."

Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akatoa karatasi ya Mama Wakesho iliyoletwa na gari la kwanza kutoka Mwanda, kwamba ng'ombe wake wa rangi ya majivu ameonekana kwenye joto alfajiri. Akatazama saa. Akapiga kiki mara moja tu, na alasiri ile alikuwa Mwanda, anamwambia ng'ombe jina lake.